Kuacha na Kuachia: Fikra Juu ya Bustani Iingiapo Vuli

Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyewahi kusoma na wanafunzi wake hadithi iliyofasiriwa kutoka lugha za Ulaya anaijua shida hii. Hadithi yasema kwamba kiangazi kimekwisha na vuli imeingia. Majani ya miti yamekuwa manjano na mekundu, na mwenye nyumba anakusanya matufaha ya mwisho bustanini. Mwanafunzi wa Kampala, wa Kigali au wa Bujumbura huinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, vuli si mvua? Mbona majani yanaanguka badala ya kuota?" Swali lake ni la haki kabisa. Huko pwani, vuli ni mvua ndogo zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, Septemba ndio mwezi ambao kiangazi cha Juni hadi Agosti hukatika, mawingu hujikusanya, na mkulima hutoka na jembe na mbegu za maharagwe. Kwa hiyo maneno yale yale mawili, kiangazi na vuli, yakitamkwa na mkulima wa Kigali hutangaza mwanzo wa bustani; yakitumika kufasiri kitabu cha Mwingereza hutangaza mwisho wake.

Wafasiri hawastahili kulaumiwa. Kiswahili kilianza kufundishwa mjini Berlin mwaka 1887, na huko London Alice Werner alikifundisha tangu kilipofunguliwa chuo cha lugha za Mashariki mwaka 1917. Lugha iliyosafiri hadi huko haikuwa na budi kuyapa majira ya wenyeji majina kutoka katika ghala yake yenyewe. Wengine wamesema vuli, wengine demani, wengine wakaona heri waeleze kwa urefu: majira ya kupukutika kwa majani. Makala haya hayakusudii kukata shauri juu ya neno lipi lishinde. Yanakusudia kuliuliza swali lililojificha nyuma ya neno. Je, mwisho wa bustani ni jambo linaloipata bustani, kama ajali impatavyo mpita njia, au ni kazi inayofanywa? Na ikiwa ni kazi, je, ipo namna njema na namna mbaya ya kuifanya?

Mchana Unaopungua

Tuchukue kwa mfano bustani ya kawaida iliyo nyuma ya nyumba katika sehemu za kusini mwa Uingereza: matuta machache ya nyanya na maharagwe, mboga zitambaazo kama maboga, mti mmoja wa matufaha, na pengine mwaloni wa jirani unaomwaga majani yake hata ndani ya ua. Yafaa kwanza tufahamu kwamba vuli ya bustani hiyo haianzi na baridi. Huanza na nuru. Katika siku za kati ya Juni na Julai, mchana wa London una urefu wa saa kumi na sita na nusu hivi. Ifikapo tarehe 22 au 23 ya Septemba, mchana na usiku hukaribia kulingana, na wakati huo mchana hupungua kwa karibu dakika nne kila siku ipitayo. Mwishoni mwa Desemba mchana haufiki saa nane.

Sisi tukaao karibu na Ikweta hatulijui jambo hili kwa miili yetu. Hata lugha yetu haikulitazamia. Twaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na linapotua twaanza upya. Saa moja ya asubuhi ni ile ile mwaka mzima, na hakuna mtoto anayeitilia shaka. Mtu akiichukua hesabu hiyo mpaka London, ataona jua la Juni likichomoza kabla ya saa kumi na moja ya alfajiri, na jua la mwisho wa Desemba likichomoza baada ya saa mbili ya asubuhi. Saa zetu zimejengwa juu ya jua lisilobadili nia. Miti ya kule imeishi na jua linalobadili nia kila mwaka, nayo imejifunza kuisoma dalili. Urefu wa usiku unapozidi, na ubaridi wa usiku unapoanza kuingia, mti hutambua kwamba hesabu imegeuka, nao huanza kujitayarisha wiki nyingi kabla ya jalidi, yaani ule umande ulioganda, kuonekana juu ya majani.

Kupukutika na Kupukutisha

Aghalabu watu husema kwamba baridi huyaua majani, na majani yakisha kufa huanguka. Maelezo hayo ni mepesi, nayo si sahihi. Kinachotokea ni kazi yenye mpango.

Kwanza, mti huacha kutengeneza umbijani mpya, yaani ile dutu ya kijani ambayo kwayo jani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Umbijani uliokuwamo huvunjwa, na ndipo rangi ya manjano, ambayo ilikuwamo ndani ya jani muda wote ikiwa imefunikwa na kijani, inapojitokeza. Katika miti mingine rangi nyekundu hutengenezwa upya kabisa katika siku hizo za mwisho. Pili, mti huvuta kutoka katika jani mali yake iliyo adimu, hasa naitrojeni na fosforasi, ukaiweka akiba katika matawi, shina na mizizi. Naitrojeni inayookolewa hivyo yaweza kufika nusu ya ile iliyokuwamo, na pengine kuizidi. Tatu, mahali kikonyo cha jani kinapoungana na tawi, hujengwa tabaka la seli dhaifu. Na upande wa ndani hujengwa tabaka jingine gumu, mfano wa kizibo, ili jeraha lipate kuzibwa. Mambo hayo yakisha kukamilika, upepo mdogo tu watosha. Jani huenda zake, na tawi halitoki hata tone.

Anayetaka ushahidi na alitazame tawi lililovunjika katikati ya kiangazi likabaki likining'inia. Majani ya tawi hilo hukauka, yakawa ya kahawia, lakini hayaanguki. Miti yote inayolizunguka ikisha kuwa mitupu, tawi lile lililokufa bado limeshika majani yake, tena kwa nguvu. Sababu yake ni wazi: tawi lilikufa kabla ya kuifanya kazi ya kuyaachia. Kushika kwake si dalili ya uhai. Ni dalili kwamba uhai ulikatika mapema.

Ajabu ni kwamba sarufi yetu yalijua jambo hili. Twasema majani yanapukutika, kwa kauli ya kutendeka, kana kwamba hapana aliyetenda lolote. Lakini twaweza pia kusema mti unapukutisha majani, kwa kauli ya kutendesha, na hapo mti umekuwa mtenda. Sentensi hizi mbili zaweza kuelezea asubuhi moja katika bustani moja, lakini hazisemi jambo moja. Ya kwanza inaona msiba. Ya pili inaona kazi. Na elimu ya mimea inaiunga mkono ile ya pili.

Iko habari moja zaidi, ambayo mpita njia haioni. Katika kwapa la kila jani, karibu na pale kikonyo kinapoungana na tawi, lipo tumba dogo lililokwisha kuundwa tangu kiangazi. Ndani yake mmekunjwa chipukizi la mwaka ujao. Jani halikuanguka kwanza ndipo mrithi wake akatafutwa. Mrithi alikuwapo tayari, ametulia chini ya kivuli chake.

Mti si Mwalimu wa Maadili

Hapa msomaji mwangalifu atatuzuia, na ana haki ya kufanya hivyo. Atasema: mti hauna dhamiri. Haukuamua kuwa mkarimu wala haukujikaza kuwa jasiri. Twawezaje kutoka kwenye jani tukaingia kwenye wajibu wa mwanadamu? Mwanafalsafa David Hume wa Uskoti, katika kitabu chake juu ya maumbile ya binadamu kilichotoka kati ya 1739 na 1740, alikwisha kutuonya: waandishi huanza kwa kueleza mambo yalivyo, kisha pasipo kutaarifu hujikuta wakieleza mambo yanavyopasa kuwa, na hawaonyeshi daraja walilopitia.

Onyo hilo ni la kweli, tena maumbile yenyewe yanalithibitisha, maana hayasemi kwa sauti moja. Mialoni mingi ikiwa michanga huyashikilia majani yake makavu majira yote ya baridi, ikayaachia tu wakati wa kuchipua. Anayetaka kuhubiri kushikilia atapata mti wake wa kutolea mfano, kama vile anayehubiri kuachia alivyopata wake. Kwa hiyo hatuwezi kusema: mti wafanya hivi, basi nasi yatupasa kufanya hivi. Mti hautupi amri. Unachotupa ni namna ya kuona. Kabla ya kuutazama vema, twaweza kudhani kwamba kuachia ni jina la heshima tu la kushindwa. Tukisha kuutazama, twajua walau kwamba kunaweza kuwa kazi, na kwamba kazi hiyo ina sehemu zake, na kwamba sehemu hizo zaweza kufanywa vizuri, vibaya, au zisifanywe kabisa. Kama itupasavyo kuifanya, na lini, hayo hatuna budi kuyatafuta mahali palipo na hiari.

Mkono wa Mtunza Bustani

Tumwache basi mti, tumtazame mtu. Katika bustani ile ile, mwenye bustani hufanya maamuzi matatu yanayostahili kuchunguzwa.

La kwanza hulifanya mapema, kabla hata dalili ya vuli haijaonekana. Mwanzoni mwa Agosti mnyanya ungali na nguvu, unarefuka kila siku na kutoa maua mapya kileleni. Mtunza bustani huja akakikata kilele. Mgeni asiyejua angemwona katili. Lakini yeye amekwisha hesabu siku: ua linalofunguka leo halitapata jua la kutosha kuwa nyanya iliyoiva, na chakula kitakachokwenda kwenye ua hilo kitanyimwa vichala vilivyokwisha tunga chini yake. Anakata tumaini moja ili mengine yatimie. Wahenga walikwisha sema: mshika mawili, moja humponyoka.

La pili ni la mbegu. Kati ya maganda yote ya maharagwe, yale yaliyonona, yaliyowahi, yasiyo na ugonjwa, ndiyo ambayo mwenye njaa angeyachuma kwanza. Mtunza bustani mwenye busara huyafunga uzi yasichumwe. Huyaacha juani mpaka yakakauka, na punje zikasikika zikicheza ndani yanapotikiswa. Kwa macho ya jikoni, chakula kizuri kimeharibika. Kwa macho ya mwaka ujao, hicho ndicho chakula pekee kilichookolewa. Anayekula yaliyo bora na kuweka mbegu katika yaliyo dhaifu hufanya wizi mdogo usioonekana, na anayeibiwa hayupo kulalamika.

La tatu ndilo gumu. Mwishoni mwa Septemba au Oktoba ikianza, mnyanya ungali hai. Umechoka, lakini umeshika matunda mabichi, na kila mchana wa jua huahidi kidogo. Mwenye bustani akiuacha mpaka jalidi iushukie, usiku mmoja utageuza mmea mzima kuwa kitu cheusi kilicholegea, na matunda mabichi yataharibika pamoja nao. Akiung'oa mapema, matunda mabichi atayaingiza ndani yakaive polepole kikapuni, na tuta litakuwa wazi kwa kitunguu saumu, ambacho huko hupandwa Oktoba au Novemba kwa kuwa chahitaji majira ya baridi ili kichwa chake kigawanyike vema. Yampasa basi aung'oe mmea ulio hai, kwa mkono wake mwenyewe, siku ambayo hapana kinachomlazimisha.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotupatia tena msaada. Tunalo neno kuacha, na tunalo neno kuachia. Kuacha hakumhitaji mtu wa pili. Mtu huacha kazi, huacha safari, huacha shamba likaota magugu. Kuachia, kwa ile kauli ya kutendea, kunadai mpokeaji: umemwachia nani? Tena neno hilo hilo lina maana ya kulegeza mkono, kama tusemapo, "Achia kamba!" Kulegeza mkono na kumpa mwenzio vimekutana katika neno moja, na sidhani kwamba ni bahati tu. Aliyeng'oa mnyanya akaliacha tuta tupu ameacha. Aliyeung'oa, akaokoa matunda yake, akapanda kitunguu saumu, ameachia.

Basi twaweza kusema kwamba kuachia kwa haki kuna masharti matatu: wakati wake uwe umetimia, kilicho cha thamani kiwe kimeokolewa, na awepo wa kupokea. Pasipo sharti la kwanza ni uharibifu. Pasipo la pili ni ubadhirifu. Pasipo la tatu ni kutoroka.

Bustani Isiyo na Jalidi

Lakini ipo tofauti kubwa kati ya bustani ile na zetu, nayo ndiyo iliyosababisha makala haya kuandikwa. Mtunza bustani wa Uingereza anaye hakimu juu yake. Akichelewa mno, usiku mmoja wa Oktoba au Novemba utamwamulia. Anaweza kubishana na nafsi yake siku kumi, hawezi kubishana nayo mwaka mzima. Sisi hatuna hakimu huyo. Katika sehemu nyingi za nchi zetu jalidi haijulikani kabisa, na nyuma ya nyumba zetu daima kuna kitu kilicho kijani.

Je, maana yake ni kwamba bustani zetu hazina vuli? La hasha. Utazame mgomba. Shina la mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha kazi yake imekwisha. Mkulima wa Buganda, wa Kagera, wa Rwanda au wa Burundi analijua jambo hili tangu utoto. Mabwana shamba hufundisha kwamba kila shina la migomba libaki na vizazi vitatu: mama mwenye mkungu, binti anayekua, na mjukuu ndiyo kwanza achomoze. Machipukizi mengine hukatwa, maana yakiachwa yote yatagombania chakula, na mikungu itakuwa midogo. Mkungu ukisha kukatwa, shina la mama halina tunda jingine la kutoa, lakini maji na chakula kilichomo ndani yake huendelea kwa muda kumsaidia binti aliye kando yake. Na likikatwakatwa na kutandazwa chini, huuhifadhi unyevu wa udongo na kuurutubisha.

Kwa hiyo tofauti si kwamba wao wana vuli na sisi hatuna. Kwao bustani nzima ina vuli moja, nayo hutangazwa na anga. Kwetu kila mgomba una vuli yake, nayo haitangazwi na mtu. Katika shamba moja, siku moja, huyu yuko mwanzoni na yule yuko mwishoni, na macho yakipita upesi huona kijani tupu. Ndiyo sababu ni rahisi kwetu kusahau. Palipo na jalidi, kuachia ni busara. Pasipo na jalidi, kuachia ni adili, maana hutoka katika hiari peke yake.

Na tulisemalo juu ya migomba twaliona katika nyumba za watu. Ni mara ngapi mzee mwenye shamba amefariki akiwa na umri wa kutosha, akiwa ameheshimika, na asiwe amemwonyesha mtu mipaka ya ardhi yake? Alijua mti upi ulipandwa na baba yake kuwa alama, na jirani yupi aliazimwa kipande cha shamba na kwa masharti gani. Alikuwa na miaka mingi ya kuyasema hayo. Hakuyasema, kwa sababu kuyasema kungekuwa kama kukiri kwamba siku moja hatakuwapo. Na hapakuwa na jalidi ya kumwambia kwamba siku zimebaki kumi. Alipoondoka, aliondoka na ramani. Watoto wake wakabaki kuelekezana vidole, kisha wakaelekezana mahakamani, na shamba ambalo lingewalisha wote likauzwa vipande vipande kulipia kesi. Huyo ni jani lililopigwa na baridi kali likiwa bado kijani: limekufa na mali yake yote ndani, na mti haukuokoa kitu.

Mzee huyo hakuwa mtu mbaya. Pengine alidhani kwamba kushika mpaka mwisho ndiyo namna ya kuwalinda watoto. Lakini alilinganisha kushika na uhai, nasi tumeona katika tawi lililovunjika kwamba kinachoshika kwa nguvu kuliko vyote chaweza kuwa kile kilichokwisha kufa.

Katika mambo ya dola vilevile hakuna msimu unaomwamuru mtu. Léopold Sédar Senghor, mshairi na rais wa kwanza wa Senegali, aliondoka madarakani kwa hiari mwishoni mwa 1980. Julius Nyerere, ambaye walimu wa Kiswahili wanamjua pia kwa tafsiri zake za Shakespeare, aliondoka katika urais wa Tanzania mwaka 1985, baada ya kuwa rais tangu 1962, kwanza wa Tanganyika na kisha wa Jamhuri ya Muungano. Hapana jeshi lililomtoa wala uchaguzi uliomshinda. Wapo wasemao kwamba hakuachia vyote kwa mara moja, maana alibaki mwenyekiti wa chama mpaka 1990, nao wana hoja. Lakini hata mti haumwagi majani yake yote siku moja. Na alipokwisha kuondoka hakukauka: katika miaka ya 1990 alitunga tenzi za kuisimulia Enjili. Kuachia cheo hakukuwa kuacha kazi.

Haki ya Tunda Bichi

Twakubali hata hivyo kwamba hoja hii inayo hatari yake, nayo si ndogo. Kijana mwenye haraka aweza kuisoma akaenda kumwambia babaye: "Mzee, vuli yako imefika, niachie." Mkuu asiye na shukrani aweza kuisoma akamwondoa mwalimu mkongwe ili mahali pake apewe jamaa. Watu wengi wamedhulumiwa kwa maneno mazuri juu ya kupisha.

Hapa mti wa matufaha watufaa. Mchumaji ajuaye kazi yake halivuti tunda. Huweka kiganja chini yake, akaliinua kidogo na kulizungusha taratibu. Likiwa limeiva, kikonyo huachia chenyewe na tunda hubaki mkononi. Likikataa, huliacha lilivyo, akarudi siku nyingine. Asiye na subira hulivuta kwa nguvu, na mara nyingi hung'oa pamoja nalo kile kijitawi kifupi kilichobeba tumba la mwaka ujao. Amepata tunda moja chachu, amepoteza matunda asiyoyajua.

Basi wajibu wa kuachia una upande wa pili, nao ni wajibu wa kungoja. Tumba halimsukumi jani. Wakati wa kijana ni kujitayarisha kupokea, na kuuliza maswali ambayo mzee peke yake anayo majibu yake, mradi ayaulize kwa adabu. Mzee naye, akiulizwa, asidhani kwamba anachimbiwa kaburi. Kama kila upande ungeifanya sehemu yake, kiganja kingekuwa kimewekwa chini ya tunda muda mrefu kabla ya siku yenyewe, na siku ikifika hapangekuwa na wa kuvuta wala wa kuvutwa.

Ama kwa yule asemaye kwamba haya yote ni bure, kwa kuwa kila kitu kitaoza tu, na cha kuvunda hakina ubani, tumjibu kwamba katika bustani hata kuoza kuna namna mbili. Majani yaliyoachwa ovyo juu ya nyasi huzifunika zikakosa mwanga na hewa. Majani yale yale yakikusanywa pembeni, yakalowana na kufunikwa, baada ya mwaka mmoja au miwili huwa mboji nyeusi laini ambayo wakulima huithamini sana. Hakuna refu lisilo na ncha, lakini ncha yenyewe yaweza kuchongwa.

Neno kwa Walimu

Kazi yetu sisi walimu ni kazi ya kuachia tangu siku ya kwanza. Tunamfundisha mtu ili asituhitaji. Katika nchi zetu, ambamo wengi wa wanafunzi wanakutana na Kiswahili darasani kabla ya kukutana nacho nyumbani, mwalimu hupata jaribu la kuwa mlinzi wa lugha badala ya kuwa mpaji wake. Husahihisha kila sentensi, humkatiza mwanafunzi kabla hajamaliza, na huyaweka madaftari yake ya miaka thelathini, yenye mifano na mafumbo na misemo aliyoikusanya kwa jasho, ndani ya sanduku lenye kufuli. Siku ya kustaafu hufika, sanduku likaenda kijijini, na mchwa wakawa warithi. Heri mwalimu aliyeanza mapema kumpa mwalimu mgeni daftari moja baada ya jingine, akamwacha asimame mbele ya darasa naye akakaa nyuma, akanyamaza.

Kwa hiyo mwanafunzi akiuliza tena kwa nini vuli ya kitabuni inaangusha majani ilhali vuli ya nyumbani inayaotesha, swali hilo tusilizime upesi kwa maelezo ya jiografia. Tuwape wanafunzi vitenzi viwili, kupukutika na kupukutisha, kisha vingine viwili, kuacha na kuachia. Tuwaambie waende nyumbani, wamtafute bibi, babu, au jirani aliyekula chumvi nyingi, wamwulize: ni kitu gani ulichoachiwa na wazee wako, na ni kitu gani ungependa kumwachia mtu, na je, mtu huyo amekwisha jua? Wakirudi na waandike. Huenda sarufi itakuwa na makosa. Lakini yaelekea kuwa katika nyumba moja au mbili, kwa ajili ya kazi hiyo ya shule, mzee atakuwa amesimama, akachukua fimbo yake, akatoka na mtoto kwenda kumwonyesha mpaka wa shamba.